Namna ya Kuua Injini Kabla ya Mbeya

Juu ya kabati la sebuleni kwangu, kati ya picha ya harusi na redio, kuna pistoni. Ni ndogo, inaenea kiganjani, na ubavu wake mmoja umechubuka kama goti la mtoto aliyeangukia lami. Ringi zake zimeganda kwenye mifereji yake. Hata uzichokonoe na bisibisi hazitikisiki. Wageni hudhani ni kisahani cha majivu ya sigara. Mimi huwaambia ni cheti. Naitaja mapema ili msomaji ajue kwamba anayefundisha hapa hakusimuliwa.

Somo letu ni hili: jinsi ya kuondoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, kilomita 830 hivi, juu ya pikipiki ya CC 150, ukaiacha injini inywe oili yake yote kimyakimya mpaka ikate roho mahali penye mandhari nzuri. Najua wapo wanaoifanya safari hiyo wakafika na injini nzima, wakapaki Mwanjelwa, wakaagiza chai na chapati. Sina ugomvi nao. Shida yao ni moja: wakirudi nyumbani hawana cha kusimulia.

Mahitaji

Pikipiki moja ya silinda moja, inayopozwa na upepo. Injini za daraja hili hubeba oili ya lita moja hivi, na oili hiyo hiyo inalainisha pistoni, inaogesha klachi na kutunza gia. Kibarua mmoja, kazi tatu, na hakuna anayemuuliza kama amekula.

Chupa moja ya oili, iliyochaguliwa kwa kuangalia bei tu.

Haraka, kiasi chochote ulicho nacho.

Kitambaa cha kufutia mikono hakihitajiki. Atakayekuambia ubebe kitambaa hajauelewa mpango.

Hatua ya kwanza: amini kumbukumbu yako

"Oili niliweka." Maneno hayo mawili yafanye kuwa dua ya safari. Uliweka lini? Niliweka. Kiasi gani? Kinachotakiwa. Iko wapi sasa? Si nimekwambia niliweka?

Kuna watu wasio na imani. Hao huamka alfajiri, wakaisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa dakika kadhaa ili oili yote ishuke chini. Hufungua kile kifuniko cheusi ubavuni mwa injini, wakatoa kijiti, wakakifuta, wakakirudisha, wakakitoa tena na kukitazama kwenye mwanga kama daktari anayetazama picha ya eksirei. Wanatafuta alama ya oili kati ya mstari wa juu na wa chini. Zoezi zima linachukua dakika mbili. Kwa dakika hizo hizo wewe unaweza kupiga picha tatu ukiwa umevaa kofia ngumu na kuzituma kwenye kundi la familia, shangazi zako wote wakaandika "Mungu akutangulie."

Kwa bahati nzuri, waliotengeneza pikipiki hizi wamekuwekea mazingira rafiki. Tazama dashibodi: kuna taa ya niutro, taa ya indiketa, taa kubwa, geji ya petroli. Taa ya oili? Nyingi za daraja hili hazina. Na hapa ndipo uzuri wa jambo ulipo. Petroli ni mdai mwenye kelele: ina geji, ina riziavu, na ikiisha pikipiki inakohoa mara tatu na kusimama, ukaisukuma hadi kwa muuza chupa, mambo yakaisha. Oili ni ndugu mpole. Inapungua bila kukuomba radhi, inakubeba huku imekonda, na siku inapofungua mdomo haiji na ombi, inakuja na taarifa ya msiba.

Hatua ya pili: nunua kwa bei

Dukani utakuta chupa zenye maandishi mengi. Usiyasome. Ukiyasoma utagundua, kwa mfano, kwamba 20W-50 si namba ya basi: namba ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi, na ya pili inaeleza uzito inaobaki nao ikishachemka. Utagundua pia kwamba kuna alama ya JASO MA au MA2, kipimo cha Wajapani kilichoanza mwaka 1998, kinachoiambia dunia kwamba oili hii inafaa pikipiki ambayo klachi yake inaogelea humo humo.

Maarifa hayo yatakuharibia mpango. Chukua oili ya gari, hasa ile inayojisifu kwamba inateleza sana na inabana matumizi ya petroli. Kwenye gari klachi inakaa pakavu, haiguswi na oili ya injini. Kwenye pikipiki, sahani za klachi zinalala ndani ya oili, na kazi yake ni kung'ang'aniana. Ukiziogesha kwenye kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuteleza, zitateleza. Utavuta mafuta, injini italia kama mbuzi wa Idi, na pikipiki itaendelea na mwendo wake wa kwenda harusini. Joto litapanda bure. Tumeanza vizuri.

Kama hata hiyo ni ghali, tafuta ile inayouzwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, isiyo na lebo wala kizibo chake cha asili. Asili yake haijulikani, na kwa mujibu wa muuzaji, "hiyo hiyo ndiyo wanayotumia wote."

Hatua ya tatu: ukiamua kupima, pima vibaya

Inawezekana mzazi au mwenzi wako akakulazimisha uangalie oili kabla ya kuondoka. Usibishane. Iache pikipiki imeegemea stendi ya pembeni, toa kijiti na soma hapo hapo. Pikipiki huegemea kushoto. Kijiti, kwa nyingi kati ya hizi, kiko kulia. Oili yote imekimbilia upande wa pili, kwa hiyo kijiti kitatoka kikilia njaa hata kama tumbo limejaa. Ongeza. Pima tena vilevile. Ongeza tena.

Sasa una kitu kizuri: injini iliyojaa kupita kiasi. Wapo wanaoamini kwamba oili ikizidi ni akiba, na akiba haiozi. Haiozi kweli, inatoka povu. Krenki inayozunguka inaichapa oili iliyozidi kama mama anavyochapa mayai ya keki. Pampu inaanza kuvuta mapovu badala ya oili. Na ukungu wake unapanda kwenye mpira wa kupumulia hadi kwenye boksi la filta ya hewa. Filta inalowa, kabureta inakosa pumzi, na kile ulichokiongeza kwa fedha yako kinachomwa kwenye silinda kwa hiari yako. Utakuwa umefanikisha jambo ambalo hata wataalamu huliona gumu: kupoteza oili kwa kuiongeza.

Hatua ya nne: vuta mafuta, usiachie

Foleni ya Kibaha na Mlandizi ikishaisha, barabara inafunguka. Hapa vuta mafuta mpaka mkono uishe, na uache hapo hapo. Kishale kikae kwenye 90, nawe ulale juu ya tenki kama unashindana na mtu. Mtaani pikipiki yako haijawahi kuishi hivi. Mtaani inakimbia dakika mbili na kupumzika moja, inasubiri abiria, inasubiri trafiki, inasubiri chenji. Ndiyo maana mtu huapa kwamba pikipiki yake "haili oili kabisa." Hajawahi kuikalisha mezani muda mrefu.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu mwongozo bila hesabu ni mawaidha. Kwa kasi ya 90, injini ya daraja hili huzunguka mara 7,000 hivi kwa dakika. Pistoni inashuka milimita 58 hivi na kupanda zile zile, kila mzunguko. Zidisha: mita 812 kwa dakika, karibu kilomita 49 kwa saa. Kwa saa tisa na robo za kwenda Mbeya bila kupunguza, pistoni yako itakuwa imesafiri kilomita 450, sawa na kutoka Dar mpaka karibu na Ilula, bila kutoka ndani ya silinda. Safari yote hiyo imetembea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko karatasi.

Utando huo ndio unaoliwa. Pistoni inaposhuka, ringi ya oili inapangusa ukuta wa silinda na kuacha filamu kidogo tu ili chuma kisisuguane na chuma. Mlipuko unapokuja, sehemu ya filamu hiyo inaungua. Mwendo ukiwa mdogo, ni kidogo mno. Mizunguko ikipanda, oili inachemka na kuwa nyepesi, ringi zinaanza kutetemeka kwenye mifereji yake na hazipangusi vizuri, gesi zinapenya chini na kuusukuma ukungu wa oili nje kupitia mpira wa kupumulia. Kila kitu kinavuja kidogo kidogo kwa wakati mmoja, kama hazina ya kikundi cha kusaidiana.

Kidogo kiasi gani? Chukua injini iliyochoka kiasi, inayopoteza mililita 300 safari nzima. Hizo ni kama matone 6,000. Na kwa safari hiyo plagi imewasha moto mara milioni 1.9 na ushee. Maana yake tone moja linatoweka kila baada ya milipuko zaidi ya mia tatu. Hakuna sikio litakalosikia hilo wala jicho litakaloliona. Lakini ukifika utakuwa umepoteza karibu theluthi ya lita moja uliyoondoka nayo, ikiwa uliondoka nayo.

Hatua ya tano: ukipungiwa mkono, punga

Sasa unapita Chalinze. Usisimame. Morogoro, kilomita 190 hivi kutoka Dar, kuna Msamvu, kuna kivuli, kuna supu, kuna kila sababu ya kuzima injini ikapoa kwa dakika kumi na kijiti kikatazamwa. Pita.

Moshi wa oili una faida moja kubwa kwa mtekelezaji wa mwongozo huu: siku zote uko nyuma yako. Mimi nilipofika Doma, vijana watatu waliokuwa wamekaa kwenye benchi la wauza nyanya walisimama wakanipungia mikono kwa furaha. Nikawapungia. Mbele kidogo kondakta wa basi alitoa kichwa dirishani akaonyesha kidole nyuma yangu, akapaza sauti. Upepo ukala maneno yake. Nikampa dole gumba. Nilijisemea moyoni, watu wa barabara hii ni wakarimu sana. Nyuma yangu, nilikuja kuambiwa baadaye, kulikuwa na utepe wa bluu kama wa kukata siku ya uzinduzi.

Kisha unaingia Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inakatiza katikati ya wanyama kwa kilomita 50 hivi. Hapo ni mahali pazuri sana pa kuanza kusikia mlio mpya. Mlio wangu ulianza kama mtu anayegonga meza kwa kijiko: tik tik tik, upande wa juu wa injini. Ungekuwa Dar ungesimama. Lakini kushoto kulikuwa na tembo wawili, na kulia nyasi zilikuwa ndefu kiasi cha kumficha yeyote aliyetaka kujificha. Nikaamua kwamba ni tapeti. Kila mlio usiojulikana ni tapeti. Nikavuta mafuta zaidi ili upepo uufunike.

Hatua ya sita: Kitonga

Baada ya bonde la mibuyu unafika Ruaha Mbuyuni, ambako vitunguu vinauzwa kwa nyavu kando ya barabara. Hii ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kuharibu mpango kwa kusimama. Ukivuka hapo, mbele kuna Mlima Kitonga, na Kitonga haupandwi kwa maneno.

Kumbuka pikipiki yako inapozwa na upepo, na upepo unatokana na mwendo. Kitonga unakupa kona juu ya kona, na mbele yako lori la mzigo linalopanda kwa mwendo wa maiti. Uko gia ya pili, wakati mwingine ya kwanza. Injini inafanya kazi kuliko ilivyofanya asubuhi nzima, na upepo hakuna. Kinachobaki kubeba joto ni oili. Na oili, kwa wewe uliyefuata hatua zote kwa uaminifu, sasa ni kidogo, ni nyepesi kama chai, na inazunguka mara nyingi zaidi bila nafasi ya kupoa. Kibarua yule yule sasa ana kazi nne.

Kilichotokea baada ya hapo kilichukua muda mfupi kuliko kukieleza. Tik tik ikawa ko ko ko. Pikipiki ikawa nzito, kana kwamba mtu amenishika shati kwa nyuma. Kisha gurudumu la nyuma likafunga ghafla, likaburuta kama hatua mbili, nikakamata klachi kwa woga zaidi ya ujuzi, na nikasimama pembeni ya kona, lori la nyuma likinipigia honi kwa hasira za haki. Nikajaribu kiki. Haikushuka. Niliikanyaga kwa mguu mzima, kisha kwa mwili mzima. Ilikuwa kama kukanyaga ngazi ya msikiti.

Mandhari, lakini, ilikuwa nzuri sana. Hilo nalo nililiahidi.

Hatua ya saba: kupokea cheti

Kirikuu iliyokuwa ikirudi Ilula na matenga matupu ya nyanya ilinibeba. Dereva hakuniuliza kitu njia nzima, ila mara moja tu alipotazama nyuma akasema, "Pole, braza. Oili, eeh?" Nikamjibu kwamba oili niliweka.

Fundi alikuwa kijana mdogo, ana kandambili na spana kumi na mbili mfukoni kama kalamu. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo mzee," nikamwitikia, kisha akachuchumaa upande wa kulia wa injini. Hakuanza na plagi wala kabureta. Alifungua kile kifuniko cheusi, akatoa kijiti, akakishika juu tukitazame sote wawili. Kilikuwa kikavu kama njiti ya kiberiti. Akaweka kopo la rangi chini, akafungua nati. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kina harufu ya kitu kilichoungua, na kisingetosha kukaangia yai.

"Mzee, oili uliangalia lini?"

"Niliweka Ijumaa."

"Sijauliza kuweka. Nimeuliza kuangalia."

Nimesoma vitabu kadhaa vya falsafa maishani mwangu. Hakuna ukurasa ulionipata kama ule.

Alipofungua kichwa cha injini na kuvuta bloku, pistoni ilitoka kwa nyundo ya mpira. Akaifuta kwa kipande cha fulana, akaigeuza, akanionyesha ule mchubuko. Orodha ikafuata, akihesabu kwa vidole vyenye grisi: pistoni na ringi zake, bloku mpya kwa sababu ile haichongeki tena, gasketi zote, sili za valvu, na krenki aitazame kwanza ndipo aseme. Sitaji bei hapa. Bei hubadilika kila mwezi. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa fedha ile ningenunua oili ya kwendea Mbeya na kurudi mpaka mwanangu wa mwisho aoe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, sisi ni watu wa maendeleo, tulijenga ukuta.

Maswali yanayoulizwa na wanafunzi wa mwongozo huu

Pikipiki yangu ni mpya kabisa. Je, nami naweza? Unaweza. Ringi mpya huwa bado hazijakaa sawa kwenye silinda, na mwanzoni injini inaweza kula oili kuliko itakavyokula baadaye. Wengi hudhani upya ni kinga. Itumie dhana hiyo.

Nikiiwasha asubuhi inatoa moshi wa bluu kidogo, kisha unaisha. Ni nini? Mara nyingi ni sili za valvu: oili imeteremka usiku kucha kwenye shina la valvu, asubuhi inaungua. Moshi ukitoka kila unapovuta mafuta, shuku ringi. Ukitoka pale unapovuta tena mafuta uliyoyaachia kwenye mteremko mrefu, jua kwamba huko mteremkoni injini ilikuwa inavuta hewa kwa nguvu bila kuipata, ikafyonza oili kupitia kwenye valvu. Moshi mweusi ni habari ya petroli, si ya oili. Mweupe wa alfajiri ya Makambako ni mvuke, yaani na wewe unautoa mdomoni.

Je, nikiweka oili nzito zaidi haitaacha kula? Inaweza kupunguza kwa muda, kama ndoo iliyotoboka inavyovuja polepole ukiijaza uji badala ya maji. Tobo lipo pale pale. Kwa wenye nia ya kuahirisha gharama hadi zikue, ni njia inayoheshimika.

Ninabadilisha oili kwa wakati. Hiyo si inatosha? Inatosha kabisa kwa malengo yetu. Kubadilisha kwa wakati kunampa mtu usingizi mzito katikati ya tarehe mbili, na injini hufa humo katikati.

Tahadhari: mambo yatakayouharibu mpango

Mwandishi mwaminifu hueleza pia vinavyoweza kuikwamisha kazi. Jiepushe na haya.

Usiijaze oili mpaka mstari wa juu nyumbani, ukaenda mpaka Morogoro, ukasubiri ipoe, ukapima na kuandika kwenye karatasi imeshuka kiasi gani. Mtu akishajua injini yake inakula kiasi gani kwa kilomita 190, anajua itakula kiasi gani mpaka Iringa, na mshangao wote unakufa.

Usibebe nusu lita ya oili ile ile kwenye begi, imefungwa na mfuko wa nailoni. Inachukua nafasi ya viatu.

Usishushe mwendo kutoka 90 hadi 70. Utachelewa kufika kwa saa mbili na nusu hivi, ambazo mimi nilizitumia zote Ilula, pamoja na siku nne nyingine, kusubiri bloku itoke Iringa.

Usisimame Ruaha Mbuyuni ukanunua vitunguu na kumruhusu kibarua wako apumue kabla ya Kitonga.

Na ukiona watu wanakupungia mikono kwa bidii isiyo ya kawaida, usigeuke kutazama nyuma.

Mimi, kwa masikitiko, siwezi tena kuutekeleza mwongozo huu. Nimeharibika. Tangu Ilula nimepita barabara ile mara nne na mara zote nimefika, bila hadithi yoyote. Nasimama Msamvu, nasimama Mbuyuni, nasimama Ipogolo na Makambako. Napandisha pikipiki kwenye stendi ya kati, nasubiri, natoa kijiti. Kitambaa bado nasahau kubeba, kwa hiyo suruali zangu zote zina mstari mweusi kwenye paja la kulia, urefu wa kidole.

Mama watoto ameshajaribu sabuni ya mche, ya unga na Jiki. Juzi alinyanyua suruali kutoka kwenye beseni, maji yakichuruzika sakafuni, akaniuliza ni lini nitaacha kufutia uchafu nguoni kama mtoto. Sikumjibu. Nilielekeza kidole juu ya kabati. Akaitazama pistoni, akautazama ule mstari, akairudisha suruali majini na kuendelea kufikicha.